Ivar Aasen hakubuni lugha: mwalimu wa kijijini na Kinorwei chenye maandishi mawili

Jon Fosse wa Norwei alipotunukiwa Nobel ya Fasihi mwaka 2023, vyombo vya habari vilitaja haraka haraka kwamba yeye huandika kwa Nynorsk, vikapita. Wasomaji wakabaki na maswali. Wapo waliodhani Nynorsk ni lugha ya kabila dogo la milimani. Wapo walioapa kwamba ni lugha ya kutengenezwa, kazi ya mtu mmoja aliyejifungia chumbani na kalamu yake. Na wapo wenye shida ya karibu zaidi: familia za Wakongo na wengineo wanaozungumza Kiswahili, waliopata makazi Norwei, wakajifunza Kinorwei kwa programu za simu, kisha barua ya shule ya mtoto ikawafikia ikiwa na maneno ambayo hawajawahi kuyaona.

Huyo "mtu mmoja" anayesemwa ni Ivar Aasen, aliyeanza kama mwalimu wa watoto wa wakulima, akaishia kuwa mtaalamu wa lugha na mshairi. Katika habari zinazomhusu, ualimu na ushairi hutajwa kama mambo ya pembeni. Kwa maoni yangu, ndiyo yanayoeleza kila kitu alichofanya.

Tuanze na majina, maana hapo ndipo wengi hupotea. Norwei ina lugha iitwayo Kinorwei, inayozungumzwa kwa lahaja nyingi mno, na ina kanuni mbili rasmi za kuiandika. Moja ni Bokmål, nyingine ni Nynorsk. Anayetumia Bokmål akitaka kusema "sijui" huandika "jeg vet ikke". Wa Nynorsk huandika "eg veit ikkje". Nyumbani ni "hjem" kwa huyu na "heim" kwa yule. Uhuru ni "frihet" huku na "fridom" kule. Watu wa pande zote mbili husomana bila mkalimani.

Jambo la kushika mapema ni kwamba hizi ni njia za kuandika. Mnorwei akifungua mdomo hutoa lahaja ya kwao, awe bungeni, darasani au kwenye televisheni, na hakuna anayemcheka. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba fulani "anazungumza Nynorsk", anamaanisha tu kwamba lahaja ya fulani iko karibu na maandishi hayo. Na ile dhana ya kabila la milimani iondoe kabisa. Wasami, ambao ni watu wa asili wa kaskazini, wana lugha zao zisizo na undugu wowote na Kinorwei. Hilo ni suala jingine.

Mbona basi maandishi mawili? Tangu mwishoni mwa karne ya 14 hadi 1814 Norwei ilikuwa chini ya wafalme wa Denmark. Zamani Wanorwei walikuwa na maandishi yao, Kinorwei cha kale, ambacho ndugu yake wa karibu leo ni lugha ya Iceland. Katika karne hizo za utawala maandishi hayo yalikufa. Biblia ilikuja kwa Kidenmark, sheria kwa Kidenmark, mahubiri, hati za ardhi na vitabu vya shule vivyo hivyo. Wakulima na wavuvi hawakuacha kusema kama babu zao, ila walichosema hakikuandikwa.

Mwaka 1814 Denmark ilipoteza Norwei kufuatia vita vya Napoleon. Wanorwei wakaandika katiba yao tarehe 17 Mei mwaka huohuo, ingawa walilazimika kuingia katika muungano na Uswidi uliodumu hadi 1905. Wakawa na katiba, Bunge na chuo kikuu, na vyote hivyo vikaendeshwa kwa maandishi ya mtawala wa zamani.

Zilitolewa dawa mbili. Knud Knudsen, naye mwalimu, aliyezaliwa 1812, alipendekeza Kidenmark kibaki lakini kibadilishwe kidogo kidogo kufuata matamshi ya Wanorwei wenye elimu mijini. Njia hiyo ndiyo iliyozaa Bokmål. Aasen, aliyezaliwa mwaka mmoja baadaye, alitaka Kidenmark kiwekwe kando, watu warudi vijijini wakasikilize.

Ivar Aasen alizaliwa tarehe 5 Agosti 1813 katika shamba la Åsen, Hovdebygda, wilaya ya Ørsta, pwani ya magharibi. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya wakulima wadogo. Mama yake alifariki Ivar akiwa bado mtoto wa miaka mitatu hivi, na baba akafuata mwaka 1826. Hakukuwa na fedha za kumpeleka Ivar shule ya Kilatini, ambayo ndiyo iliyokuwa mlango wa chuo kikuu. Alisoma alichokipata.

Mwaka 1831, akiwa na miaka 18, akawa mwalimu katika kile kilichoitwa "omgangsskole", shule ya kuzunguka. Hakukuwa na jengo. Mwalimu alihama kutoka shamba hadi shamba, akilala na kula kwa wenyeji, watoto wa jirani wakikusanyika sebuleni kwa muda, kisha anahamia kwingine. Kazi yake kubwa ilikuwa kusomesha dini: katekisimu ya Luther, na ufafanuzi wake ulioandikwa na Erik Pontoppidan mwaka 1737. Kwa Kidenmark, bila shaka.

Hebu jiweke sebuleni hapo. Mtoto wa miaka tisa anayesema "eg" tangu alipojua kusema anatakiwa akariri ukurasa mzima wa "jeg", pamoja na maneno marefu ya kidini yenye viambishi vilivyotoka Ujerumani kupitia Denmark. Akikariri vizuri anasifiwa, ingawa huenda hakuelewa. Akikosea anahesabiwa mjinga, ingawa jambo lenyewe angeweza kulieleza vizuri kwa maneno ya mama yake. Mwalimu anayemsikiliza ni kijana wa shamba la jirani, aliyepitia tanuri hilohilo.

Kuanzia 1833 Aasen alisoma kwa miaka miwili kwa kasisi Hans Conrad Thoresen kule Herøy, aliyemfundisha pamoja na mengine Kilatini. Kisha, kati ya 1835 na 1842, alikuwa mwalimu wa nyumbani kwa familia ya kapteni Daae katika shamba la Solnør. Mwanzoni mwa 1836, akiwa na miaka 22, aliandika insha fupi kuhusu lugha ya maandishi ya nchi yake. Hoja yake ilikuwa kwamba nchi iliyo huru haiwezi kuendelea kuazima maandishi, na kwamba aliyeiokoa lugha isife ni mkulima. Basi ni kwake watu waende wakaichukue. Insha hiyo ilikaa bila kuchapishwa hadi 1909, mwandishi wake akiwa ameshazikwa. Lakini ukiisoma leo unaona mpango wa maisha yake yote umo mle.

Huko Solnør pia alikusanya mimea. Aliichuma, akaikausha, akaipanga kwa jamaa na koo, akaandika majina yake ya kienyeji. Wakati huohuo alikuwa akiandika sarufi ya lahaja ya kwao, Sunnmøre. Mwaka 1841 alikwenda Bergen na vyote viwili, mimea na sarufi, kumwonyesha Askofu Jacob Neumann. Mimea ilikuwa mizuri, lakini ni sarufi iliyomshangaza askofu, akaandika habari zake gazetini. Kule Trondheim, Jumuiya ya Kifalme ya Sayansi ikasoma na ikaamua kumlipa posho ili azunguke nchi kukusanya lahaja.

Alianza safari mwaka 1842 na kuendelea hadi 1846: Sogn, Hardanger, Voss, Telemark, Trøndelag hadi Nordland. Aliingia majikoni, akakaa na wazee, akaandika. Tunda la kwanza lilikuwa sarufi ya lugha ya wananchi, iliyochapishwa 1848. Kamusi ikafuata 1850 ikiwa na maneno takriban 25,000.

Hapa sasa tunafika kwenye swali lenyewe: alikusanya au alibuni?

Kilichomo katika vitabu vya 1848 na 1850 ni mkusanyiko mtupu. Hakuna neno alilolitoa kichwani. Ugumu ulikuja alipotaka kutoka kwenye lahaja nyingi kwenda kwenye maandishi ya pamoja. Chukua neno dogo la "mimi". Kuna sehemu husema "eg", kwingine "e", kwingine "æ", mashariki "je" au "jæ", na kwao Sunnmøre yenyewe haikuwa sawa na Telemark. Utaandika lipi?

Msomaji wa Kiswahili analijua tatizo hili. Sisi tulipewa jibu na mkutano: mwaka 1928 pale Mombasa ilikubaliwa kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na wenye Kimvita wao wakanung'unika, wengine hadi leo. Yaani ilichukuliwa lahaja moja, ikapandishwa cheo. Wengi hudhani Aasen naye alifanya hivyo kwa lahaja ya kijijini kwao. La. Alikataa kuipandisha yoyote, hata ya mama yake. Alizipanga lahaja zote kando kando, akatafuta umbo ambalo lingeeleza mengi kati ya yale yanayosikika. Pale zilipokataa kupatana, alimwita Kinorwei cha kale kuwa mwamuzi. Cha kale kilisema "ek". "Eg" ndilo lililo karibu zaidi, na ndilo lenye wasemaji wengi magharibi. Basi "eg".

Njia hiyo ilimfanya aandike hata herufi ambazo watu wengi hawazitamki. "Nyumba ile" huandikwa "huset", lakini sehemu kubwa ya nchi husema "huse", bila t mwishoni. Aliiacha t kwa sababu ilikuwepo zamani na kwa sababu lahaja chache bado ziliitunza. Nia yake ilikuwa kila mtu atamke kwa namna ya kwao huku wote wakitazama ukurasa mmoja. Hakuna aliyepata lahaja yake nzima, na hakuna aliyekosa kujiona kabisa, ingawa watu wa mashariki walilalamika kwamba wao walijiona kidogo kuliko wa magharibi. Lalamiko hilo, nadhani, lilikuwa la haki. Mwamuzi aliyetoka zamani lazima aipendelee pwani na mabonde yaliyobadilika polepole.

Kwa hiyo: maneno na sarufi alivikuta, uchaguzi ni wake. Anayesema Aasen alitunga lugha kutoka hewani amekosea; anayesema aliandika tu alichosikia naye hakusema kweli yote. Kila lugha sanifu imepitia mikononi mwa watu waliochagua. Tofauti ya Nynorsk ni kwamba tunalijua jina la mchaguzi na tunazo shajara zake.

Mwaka 1853 alitoa kitabu cha mifano. Kina sampuli za lahaja mbalimbali, kisha sampuli za maandishi yake mapya, ambayo wakati huo yaliitwa landsmål. Humo amejaribu kufasiri hata kipande cha Shakespeare. Na hapo ndipo ushairi unapoingia kazini. Kamusi inaweza kuthibitisha kwamba neno lipo, lakini haiwezi kuthibitisha kwamba unaweza kulia au kutania kwa neno hilo. Wasomi wa Christiania, mji ambao sasa ni Oslo, walikuwa tayari kukubali kwamba wakulima wana msamiati wa kuvutia kwa utafiti. Walichokataa ni kwamba unaweza kuandika nao jambo zito. Hoja hiyo haijibiwi kwa sarufi.

Aasen akajibu kwa mchezo wa kuigiza wenye nyimbo, "Ervingen", ulioonyeshwa 1855, na kwa mkusanyiko wa methali mwaka 1856. Kisha mwaka 1863 kikaja "Symra", kitabu kidogo cha mashairi kilichopewa jina la ua linalochipuka mapema theluji ikiondoka. Ni mashairi mepesi kwa sura, yenye vina, ya kuimbika, maneno mengi yakiwa mafupi. Mashuhuri zaidi linaanza na mtu aliyepata makao kati ya vilima na milima kando ya bahari, akachimba msingi mwenyewe na kujenga nyumba juu yake. Hakuna mfalme ndani yake, wala vita. Mtu anaangalia ufuo wa mawe ambao hakuna aliyewahi kuujenga, anasema tusafishe, tujenge, nasi tutamiliki kwa amani tulichofyeka. Ubeti mwingine unakiri kwamba wakati wa baridi mtu huyo hutamani angekuwa nchi yenye joto. Jua la machipuko likiangaza vilimani, hamu inamrudia ya ufuo wa kwao. Mshairi wa kizalendo wa siku hizo asingethubutu kuandika kwamba mzalendo wake anatamani kuhama. Aasen alithubutu, na wimbo huo bado unaimbwa Norwei nzima, hata na watu ambao shuleni waliichukia Nynorsk.

Shairi lake jingine katika kitabu hicho linasema hakuna awezaye kumridhisha kila mtu. Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Upinzani ulikuwa mkali, na mara nyingine wa kuchekesha. Mwandishi wa tamthilia Henrik Ibsen, katika "Peer Gynt" ya mwaka 1867, alimweka mtu aitwaye Huhu ndani ya hospitali ya wendawazimu mjini Cairo, mtetezi wa lugha anayetaka watu warudi kwenye milio ya nyani wa msituni. Kila msomaji alijua anadhihakiwa nani. Ulimwengu ni mdogo: mke wa Ibsen, Suzannah, alikuwa binti wa yuleyule kasisi Thoresen, na alizaliwa Herøy mwaka mmoja tu baada ya Aasen kuondoka nyumbani kwao. Bjørnstjerne Bjørnson, aliyepata Nobel mwaka 1903, naye baadaye aliongoza chama cha kutetea maandishi ya upande wa pili.

Aasen hakuwa mtu wa majukwaa. Alihamia Christiania mwaka 1847, akaishi katika vyumba vya kupanga, hakuoa, akapokea posho ya Bunge, akafanya kazi. Sarufi yake kubwa ilitoka 1864, na kamusi kubwa 1873. Makelele aliwaachia wengine: Aasmund Olavsson Vinje, ambaye tangu 1858 alichapisha gazeti kwa landsmål na kuonyesha kwamba inafaa kwa siasa na kejeli, Elias Blix, aliyeandika tenzi za kanisani, na chama cha Det Norske Samlaget, kilichoanzishwa 1868 kuchapisha vitabu.

Ushindi ulianzia darasani. Mwaka 1878 Bunge liliazimia kwamba ufundishaji, kadiri inavyowezekana, utolewe kwa lugha ambayo watoto wenyewe huizungumza. Mtoto wa sebuleni sasa angeweza kujibu kwa maneno yake, na mwalimu hakupaswa kumrekebisha lahaja. Tarehe 12 Mei 1885 likafuata azimio kubwa zaidi: landsmål iwe na hadhi sawa na maandishi ya kawaida, shuleni na serikalini. Aasen alikuwa na miaka 71, hai na timamu. Mwaka 1892 shule za vijijini ziliruhusiwa kuchagua. Alifariki tarehe 23 Septemba 1896. Majina tunayotumia leo, Nynorsk na Bokmål, yaliwekwa rasmi 1929, kwa hiyo yeye mwenyewe hakuwahi kuona rasmi neno Nynorsk juu ya kazi yake.

Tangu hapo mambo yamepanda na kushuka. Mwaka 1944 karibu theluthi moja ya watoto wa shule walisoma kwa Nynorsk. Leo ni kidogo zaidi ya kumi katika kila mia, wengi wao wakiwa magharibi. Serikali ilijaribu kwa miongo kadhaa kuyasogeza maandishi mawili yawe kitu kimoja. Pande zote mbili zilikasirika, na mpango huo ukaachwa rasmi 2002. Yenyewe yamebadilika pia: Nynorsk ya Fosse si tahajia ya Aasen, na mwanafunzi wa leo akifungua "Symra" toleo la kwanza hukutana na maumbo yaliyokwisha kufutwa.

Maswali ya vitendo, basi, kwa anayehamia huko. Kila halmashauri hujichagulia Bokmål, Nynorsk, au kutokuwa na upande. Sheria ya lugha iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022 inazitaka taasisi za serikali kuu zitoe angalau asilimia 25 ya maandishi yao ya jumla kwa kila aina, na mwananchi akiiandikia ofisi ya serikali kwa Nynorsk ana haki ya kujibiwa kwa Nynorsk. Wanafunzi wa sekondari hujifunza kuandika zote mbili, na hapo vijana wa Oslo hulalamika sana, wengine wakiiita Nynorsk kwa jina la matusi, "spynorsk", Kinorwei cha matapishi.

Ukipangiwa Oslo, Bokmål uliyoanza nayo kwenye simu itakutosha. Ukipangiwa Volda au Ørsta, mtoto ataanza kuandika "eg" na "ikkje" shuleni, na huna haja ya kuogopa kwamba umeanza upya: ukishajua "ikke", "ikkje" utaizoea ndani ya wiki chache. Kitakachokusumbua zaidi ni jirani na lahaja yake, ambayo haimo katika kitabu chochote kati ya hivyo viwili. Mwambie aseme polepole. Na ukitaka kumwona Aasen mwenyewe, shamba la Åsen liko hapohapo jirani, na pembeni yake kuna jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 2000, kazi ya msanifu majengo Sverre Fehn, ambamo unaweza kusikiliza lahaja za nchi nzima.